Chuma Kikufae Wewe

Asalamu alaykum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu mliotoka Kisauni, Likoni na Changamwe, na nyinyi wenyeji wa kisiwani Mombasa: ahsanteni kwa kuja saa hizi za jua kali.

Mliniita nizungumze juu ya mazoezi ya nguvu. Nayo ni mengi: kunyanyua vyuma, kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, kujivuta juu ya bomba, kila zoezi linaloulazimisha msuli ushindane na uzani. Siwezi kuyamaliza leo. Nitashika jambo moja, kwa kuwa ndilo ninaloliona likiwatoa watu kwenye mazoezi kuliko uvivu na kuliko kukosa pesa. Mtu huja siku ya kwanza, humtazama aliye kando yake, hujiona duni, wiki ya pili haonekani. Mwingine huja, humtazama huyo huyo, husema ikiwa yeye aweza na mimi naweza, hubeba asichokiweza, huumia bega au kiuno, naye haonekani tena. Mmoja alijidharau, wa pili alijikweza, na wote wawili wako nyumbani.

Watu husema kujilinganisha na wenzako ni tabia mbaya, kunaleta husuda na huzuni. Ni kweli, lakini mimi sikuja kutoa mawaidha ya roho. Wako wanaoyajua zaidi yangu. Nasema kwamba katika mazoezi ya nguvu, kujipima kwa mwenzako ni kosa la hesabu. Kilo zilizoandikwa kwenye chuma hazina maana yoyote mpaka tujue zimebebwa na nani, amelala saa ngapi, ana umri gani, na anazibeba kwa ajili gani.

Tazameni asili ya jambo lenyewe. Mwaka 1945, Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vikielekea mwisho, hospitali za jeshi la Marekani zilikuwa zimejaa askari waliovunjika miguu na kuumia magoti. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi yenye marudio mengi, na wengi walikaa wodini muda mrefu huku mapaja yamekonda. Daktari kijana wa jeshi, Thomas DeLorme, aliyekuwa hospitali ya Gardiner mjini Chicago, akathubutu kuwapa uzani mzito. Alifungia chuma kwenye mguu ulioumia, mgonjwa akaketi na kuunyoosha. Wagonjwa walipona upesi kuliko ilivyozoeleka, na njia yake ikaenea katika hospitali nyingine za jeshi.

Sasa sikilizeni alivyopima. Hakuwa na namba moja kwa wodi nzima. Kwa kila mgonjwa alitafuta uzani ambao mtu huyo anaweza kuuinua mara 10, ya 11 asiiweze. Huo ndio ukawa msingi wa hesabu yake. Katika utaratibu alioandika na mwenzake Arthur Watkins mwaka 1948, seti ya kwanza, yaani duru moja ya marudio kabla ya kupumzika, ilikuwa nusu ya uzani huo, ya pili robo tatu, ya tatu uzani wote, kila seti marudio 10. Wiki ikipita, mtu anapimwa upya. Vitanda viwili vilivyopakana vingeweza kuwa na wagonjwa wawili wanaofanya zoezi moja, mmoja kwa kilo chache mno na mwengine kwa nyingi, na wote wawili wanafuata utaratibu ule ule sawasawa. Mazoezi ya nguvu tunayoyajua leo, ya seti na marudio, yalipata mpangilio wake kwa watu walioumia, na yalipangwa kwa kipimo cha mtu mmoja mmoja. Mambo ya kushindana kioo na kifua tumeyaongeza sisi.

Ndugu zangu, mtu ataniuliza: lakini tukifanya zoezi moja, kwa bidii moja, si tutafika mahali pamoja? La. Na hili halikukisiwa, lilipimwa. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 585, wanawake 342 na wanaume 243. Wote walifanyishwa mazoezi yale yale ya mkono mmoja, ule ambao mtu hautumii sana, kwa wiki 12, uzani ukiongezwa hatua kwa hatua. Mwishoni msuli ukapimwa. Kuna aliyeongezeka ukubwa wa msuli kwa asilimia 59. Kuna ambaye msuli wake ulipungua kwa asilimia 2. Kwa upande wa nguvu, yuko ambaye hakuongeza kitu, na yuko aliyeongeza asilimia 250. Mazoezi yale yale, wiki zile zile.

Naomba mlitafakari hilo, hasa nyinyi vijana mnaoanza wawili wawili, wewe na rafiki yako. Miezi mitatu ikapita, yeye fulana imembana mikono, wewe bado. Utajiambia kuwa wewe mvivu. Utajiambia kuwa huli vizuri. Pengine hakuna kosa lolote ulilofanya. Pengine mwili wako unajibu polepole kwa zoezi hilo, na ungejibu upesi kwa jingine, au kwa marudio mengi zaidi, au ukipumzika siku moja zaidi. Hayo utayajua ukijitazama wewe. Ukimtazama yeye, utajua habari zake tu.

Halafu kuna mifupa. Mwenye mapaja marefu akichuchumaa na chuma mgongoni, lazima kifua kiiname mbele ili asianguke nyuma. Mwenye mapaja mafupi na kiwiliwili kirefu atashuka wima kama nguzo. Kocha asiyejua atamkemea yule wa kwanza: "Nyoosha mgongo, mtazame mwenzako!" Mwenzake ana mifupa mingine. Fundi cherehani wa Mji wa Kale hakati kanzu mpaka apitishe tepu mabegani mwako, hata kama amewashonea ndugu zako wote watano. Kwa nini basi tukubali zoezi litakalobeba magoti na uti wa mgongo wetu likatwe kwa kipimo cha jirani? Mwenye mapaja marefu aweke kibao chembamba chini ya visigino, au apanue miguu, au ashike mtungi kifuani badala ya chuma mgongoni. Zoezi ni lile lile, limekaa mwilini mwake.

Na tazameni hata kwenye mashindano, mahali ambapo kulinganishwa ndiyo kazi yenyewe. Huko pia kilo tupu hazitoshi. Wanyanyuaji wa Olimpiki hugawanywa kwa uzito wa mwili. Mwenzetu wa Kenya, Hellen Wawira, anayenyanyua uzani katika michezo ya watu wenye ulemavu, alipata medali ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham mwaka 2022. Katika michezo ile kilo anazoinua mtu hugeuzwa kuwa pointi kwa hesabu inayozingatia uzito wa mwili wake. Ikiwa waamuzi wa kimataifa, wenye mizani na saa na sheria zilizoandikwa, wanaona si haki kumlinganisha mtu na mtu kabla ya kurekebisha hesabu, wewe uliyesimama ufukweni Pirates Jumapili jioni wapata wapi ujasiri wa kujihukumu kwa kumtazama mpita njia?

Sasa nije kwenye haja, maana hapa ndipo pana utajiri.

Mama mmoja alikuja kwangu, mtu mzima, mkaazi wa Majengo. Binti yake ndiye aliyemleta, akiwa na picha za mazoezi kwenye simu. Nikamuuliza mama mwenyewe anataka nini. Akasema: "Mwanangu, mimi sitaki kifua wala mikono. Nataka niinuke kwenye mkeka bila kushikwa." Alikuwa ameanza kuswali juu ya kiti kwa sababu akisujudu, kuinuka kwenye rakaa ya pili ni mtihani. Hakuna aibu kuswali kwa kiti, dini imetoa ruhusa. Lakini yeye alitaka mkeka wake.

Haja hiyo ni programu kamili ya mazoezi. Kuinuka kutoka chini kwahitaji mapaja, makalio, kiuno kilichoshikamana, na mkono wa kusukuma sakafu. Basi tukaanza na kiti cha juu, juu yake mto, aketi na kuinuka. Mto ukaondolewa. Kiti kikawa kifupi. Kisha tukaja kupiga goti moja chini na kuinuka huku ameshika meza, kisha kwa kidole tu, kisha bila meza. Pushapu alizifanya ukutani, akiwa na dera lake, hapo hapo barazani. Hakugusa chuma hata mara moja, na hayo yalikuwa mazoezi ya nguvu, tena ya haki. Kijana aliyekuwa akinyanyua kilo 80 kando yetu hakuwa mbele ya mama yule. Walikuwa na safari mbili mbalimbali.

Kwa wazee wetu jambo hili si la anasa. Kuanzia miaka ya thelathini hivi msuli huanza kupungua, na baada ya 60 hupungua kwa kasi zaidi kwa asiyeutumia. Waganga wanakuita sarkopenia, jina lililopendekezwa na mtafiti wa Marekani Irwin Rosenberg mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini msuli wa mzee haujafa, unangoja. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston walichapisha habari za wazee 10 dhaifu waliokuwa wakiishi katika makao ya kutunzia wazee, umri wao wastani wa miaka 90. Waliwafanyisha mazoezi ya mapaja kwa wiki 8, uzani wa kila mmoja ukipandishwa mpaka asilimia 80 ya kile alichoweza yeye kuinua mara moja tu. Mmoja hakumaliza. Wale 9 waliobaki waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliacha kutembelea fimbo. Watatu kati ya kundi lile hawakuweza mwanzoni kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, na mmoja wao akaweza.

Kilo walizoinua wazee wale zingemchekesha kijana wa jimu. Na bado hakuna kijana ninayemjua aliyefanya kazi nzito kuliko ile.

Mwengine ni hamali. Nyinyi wa masoko ya Marikiti na Kongowea mnanielewa. Tangu alfajiri yuko na mkokoteni, mifuko ya saruji ya kilo 50, magunia ya viazi, ngazi za stoo. Jioni anapita kwenye jimu ya mtaa, ile yenye makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kutiwa bomba katikati, anawaona vijana wa umri wake wana vifua vilivyochongeka, yeye ni mwembamba na kiuno kinamuuma. Anataka afanye kama wao. Nilimwambia mmoja wao, na nawaambia wote: wewe umeshanyanyua tani yako leo. Vijana wale wameketi mchana kutwa, darasani au ofisini, mwili wao una njaa ya uzani. Wako umeshiba mpaka umevimbiwa. Unalohitaji ni misuli ambayo kazi yako haiigusi: ile ya nyuma ya mabega inayoufungua mwili uliokunjamana siku nzima, ile ya ubavu na tumbo inayokishika kiuno, na nyonga zilegee. Uzani mwepesi, mara 2 kwa wiki, na usingizi. Na ujifunze kuinama kwa nyonga badala ya mgongo, kwa sababu hilo utalitumia kesho saa kumi na mbili asubuhi, si siku ya picha.

Mweke kando yake dereva wa tuktuk wa mtaa ule ule, umri ule ule. Huyu anaketi mchana mzima, mikono mbele, mabega yamepanda masikioni. Yeye hasa ndiye wa kuchuchumaa na kuinua chuma kutoka sakafuni, kwa sababu miguu yake haikufanya lolote. Watu wawili wanaoishi ploti moja na kula wali wa sufuria moja, na bado mazoezi ya mmoja yangekuwa madhara kwa mwenziwe.

Kuna wale ambao kuiga kwaweza kuwapeleka hospitali. Pwani yetu ina watu wengi wenye seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Kwao, kuishiwa maji mwilini na kujichosha kupita kiasi huweza kuleta maumivu makali sana. Wakifanya mazoezi, na wengi wanaweza kwa idhini ya daktari, ni kwa seti fupi, mapumziko marefu, maji kila mara, na ruhusa ya kusimama wakati wowote bila mtu kuwaambia "malizia, bado mbili". Kocha anayepiga kelele "malizia" kwa kila mtu hajui yuko na nani mbele yake. Mwenye presha asizuie pumzi. Atoe pumzi anapoinua. Mama aliyejifungua, hasa kwa upasuaji, angoje aruhusiwe kliniki, kisha aanze na pumzi na kukaza sakafu ya nyonga, yaani misuli ya chini inayoshikilia kibofu na kizazi, hata kama jirani yake amerudi kuruka kamba baada ya wiki 6. Haya nayasema haraka, lakini msiyachukue kwa wepesi.

Mama zangu wengine mnaniambia mnaogopa vyuma vitawapa mwili wa kiume. Msuli wa namna ile hauji kwa bahati mbaya. Wanaoutafuta wanauhangaikia miaka. Mnachokipata ni mifupa imara. Huko Queensland, Australia, wanawake 101 waliokoma hedhi na wenye mifupa iliyopungua walifuatiliwa kwa miezi 8. Waliofanya mazoezi mazito ya nusu saa, mara 2 kwa wiki, chini ya usimamizi, mifupa yao iliongezeka uimara kuliko wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Mkiteleza kwenye ngazi zile za nyumba za Mji wa Kale, nyembamba na zilizosimama wima, mtajua nimesema nini.

Juu ya simu nitasema kidogo. Unayemwona kwenye kioo cha simu amechagua taa, amechagua pembe, na wako wanaotumia dawa wasizozitaja. Usione vyaelea, vyaundwa, na uundaji wenyewe hukuonyeshwa. Basi, tuendelee.

Hata hali ya hewa yetu yataka hesabu yake. Utaratibu ulioandikwa na mtu wa nchi ya baridi unakwambia upumzike sekunde 60 kati ya seti. Hapa Mombasa, kaskazi ikivuma, mwezi wa pili na wa tatu, hewa imejaa unyevu na jasho halikauki mwilini, nalo jasho hupoza mwili kwa kukauka. Moyo unafanya kazi mbili, kubeba zoezi na kupoza mwili. Basi pumzika dakika 2, hata 3, wala usihisi umepungukiwa. Fanya baada ya alfajiri, au jioni upepo ukija. Wakati wa kusi utaongeza. Na Ramadhani, kwa tunaofunga, ni mwezi wa kuhifadhi, si wa kuongeza. Fanya baada ya kufuturu na kupata maji, au baada ya tarawehe, punguza seti, uzani ubaki karibu na ule ule. Nguvu hazipotei kwa mwezi mmoja ukizitumia hata mara moja au mbili kwa wiki. Atakayekuambia umerudi nyuma hajui mwili.

Mtaniuliza sasa: ikiwa sijipimi kwa mwenzangu, nitajipima kwa nini? Kwa kazi unayotaka mwili wako uifanye, na kwa wewe wa mwezi uliopita. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa yote siku 2 au zaidi kwa wiki. Hakuna kilo zilizotajwa pale. Haziwezi kutajwa.

Uzani wako utaupata hivi. Chukua mtungi wa lita 20, huu huu tunaonunulia maji mifereji ikikauka. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mtungi uliojaa ni kilo 20 na kidogo. Usiujaze. Tia lita 5. Uinue kutoka sakafuni, mgongo umenyooka, nyonga zikirudi nyuma. Ukifika mara 10 jiulize: ningeweza ngapi zaidi kabla ya mwendo kuharibika? Jibu likiwa mbili au tatu, huo ndio uzani wako wa leo. Jibu likiwa saba, ongeza jagi la maji. Jibu likiwa hakuna, mwaga jagi moja, na kumwaga si kushindwa. Siujui uzani unaorekebishika kwa uangalifu kuliko maji, na hakuna nyumba ya Mombasa isiyo na mtungi.

Swali lile la "ningeweza ngapi zaidi" si la kubahatisha. Tangu miaka ya 1960 Gunnar Borg wa Uswidi alionyesha kuwa mtu akiulizwa anavyohisi uzito wa kazi, kwa kipimo alichokitunga cha namba 6 hadi 20, jibu lake huenda sambamba na mapigo ya moyo. Hisia yako ni kipimo. Ila hujifunza kusema kweli polepole, na ukiwa na mtu wa kumpita itakudanganya.

Na asiye na uzani mzito asisikitike. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha matokeo ya wanaume 49 waliokuwa wamezoea vyuma. Nusu walitumia uzani mwepesi wa marudio 20 hadi 25, nusu uzani mzito wa marudio 8 hadi 12, kila seti mpaka msuli ukatae. Baada ya wiki 12 misuli ilikuwa imekua kwa kiasi kinachokaribiana. Uzani mzito huwa na faida yake kwa nguvu za kuinua mara moja. Kwa haja nyingi za maisha, mtungi wa nusu na subira vyatosha.

Andika kwenye daftari: tarehe, zoezi, uzani, marudio, ulivyolala. Ongeza kitu kimoja kwa wakati. Ukiongeza uzani, usiongeze marudio. Wiki ukiwa na homa au msiba nyumbani, rudi chini, na uandike kwa nini, ili baadaye ukisoma usijitukane.

Neno kwenu viongozi wa vikundi, maana nyinyi ndio wenye kuweka hali ya mahali. Nimeona ubao ukutani wenye majina na kilo za kila mtu, mkubwa juu, mdogo chini. Nawaomba mjadiliane kama unawasaidia walio chini. Baadhi ya vijana unawachochea, sikatai. Watu hushindana na wengine hustawi kwa ushindani, na wanaoutaka wawe na siku yao. Lakini mama wa mkeka akiuona ubao ule siku ya kwanza, jina lake litakuwa la mwisho daima, naye ndiye aliyehitaji kikundi kuliko wote. Mgeni akija, usimwambie mwenziwe alianza na kilo ngapi. Muulize: kuna jambo gani, nyumbani au kazini, ambalo mwili wako unakukatalia? Mpe muda ajibu, kwa sababu wengi hawajawahi kuulizwa. Na wanawake wakiomba saa zao peke yao, wapeni bila kuwafanya waeleze mara mbili.

Sasa naomba tusogeze viti mpaka migongo ya viti iguse ukuta, visiteleze. Tutakaa na kusimama kwa sekunde 30, kipimo kinachotumiwa hata na watu wa fiziotherapia. Anayeweza, mikono ifungwe kifuani. Asiyeweza, ajisukume kwa mapaja, aandike "kwa mikono". Mwenye goti linalouma akae juu ya mto, mito iko hapa mbele. Mwenye presha isiyotulia, au maumivu ya kifua, abaki ameketi, nitamwomba anishikie saa. Kila mtu ahesabu kimoyomoyo, aandike namba na tarehe ya leo kwenye karatasi yake, aikunje, aitie mfukoni. Tutaipima tena mwezi ujao, na kila mtu ataifungua ya kwake. Mzee wangu pale nyuma, kiti chako kina mguu mmoja mbovu, badilisha kwanza. Haya, tayari? Simameni.